Mshenga wa Miche

Mimi si mtu wa miti. Niseme mapema, kwa sababu kila ninapowaambia watu kwamba nilifanya kazi kwenye mradi wa kurudisha misitu, wananitazama kwa heshima nisiyostahili, kisha wananiuliza kwa nini mparachichi wao hauzai. Sijui kwa nini hauzai. Mimi nilikuwa mtu wa usafiri. Kazi yangu ilikuwa kukodi malori, kugombana na madereva, na kuhakikisha kwamba kilichotoka Kigali kinafika kinakokwenda. Kabla ya hapo nilisafirisha saruji, na saruji haina makuu. Ukiichelewesha, inakusubiri. Mche ukiuchelewesha, unakua.

Ofisi yetu ilikuwa Kicukiro, juu ya duka la magodoro. Ukutani tulikuwa na ramani kubwa ya milima iliyo ng'ambo ya mpaka, upande wa Kongo, milima iliyokatwa miti mpaka ikabaki kama kichwa cha mwanafunzi siku ya kufungua shule. Akina mama wa kule walikuwa wameokota mbegu kwenye miti michache iliyobaki mlimani kwao, miti ya kienyeji, wakatuletea tuzioteshe huku kwenye utulivu. Mingi ilikuwa ile inayoitwa umusave, yenye maua ya manjano. Mvua zikianza, miche ingerudi kwao. Bosi wangu aliipaka ile ramani rangi ya kijani kwa mkono wake kabla mche hata mmoja haujatokeza, na nilipomwambia ni mapema, akasema mimi nina tabia ya kukatisha watu tamaa.

Miche ikaota vizuri sana. Malori nikakodi. Wiki ya kuondoka, mapigano yakaanza tena kule milimani, barabara ikafungwa, na mwenye kitalu akatuambia anataka nafasi yake kwa ajili ya miche ya pilipili. Nikabaki na malori yaliyojaa miti na sina pa kuipeleka. Madereva wakaanza kuniangalia kama mtu aliyefiwa. Ndipo nikampigia simu shangazi.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa marehemu baba, anaishi Gahanga, kule mji unakoishia, ambako nyumba mpya ya ghorofa inaweza kuwa jirani wa shamba la viazi. Umri wake umeshapita sabini. Alikulia kambini Tanzania kama ukoo wetu wote, akarudi Rwanda akiwa mtu mzima, akashona nguo Kimisagara miaka mingi mpaka akanunua kipande chake cha ardhi. Ni mwanamke mfupi, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na hajawahi kukubali kwamba nimekua.

"Shangazi, ni wiki mbili tu," nilimwambia.

"Wiki mbili," akasema. "Walete."

Nilidhani nitashusha miche niondoke. Nilimkuta amesimama getini amevaa kitenge chake cha kwenda kanisani. Alisalimia malori. Aliwapa madereva chai, akauliza miti imetoka wapi, ni ya nani, imesafirije. Kisha akanidai namba ya simu ya yule kiongozi wa akina mama wa Kongo. Nikamuuliza ya nini.

"Huwezi kukaa na watoto wa mtu usimpigie mama yao."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Jioni ile ile alipiga, akajitambulisha, na kuanzia siku hiyo yule mwanamke nikawa namjua kwa jina la mama wa miti.

Wiki mbili zikapita, zikaja nyingine, na barabara haikufunguka. Ofisini tulikuwa na mikutano. Mwanzoni tulisema safari "imechelewa". Baadaye ikawa "imepangwa upya". Kisha mtaalamu mmoja, ambaye sijawahi kumwona miguu kwa sababu alikuwa anatokea kwenye skrini tu kutoka nchi ya mbali, akatuuliza kama tuna mkakati wa kupunguza kasi ya ukuaji wa miche mpaka hali ya usalama itulie. Nilimwambia nitaongea nayo. Bosi alinikanyaga chini ya meza.

Ninachotaka mtu aelewe ni hiki. Mti unakudai uwepo. Unataka uwepo mwaka huu, mwakani, na miaka kumi baadaye, umwagilie, ufukuze mbuzi, umkemee mtu anayekata kuni. Vita vinakudai kinyume chake, yaani uwe tayari kuondoka hata kabla maharage hayajaiva jikoni. Huwezi kuwatii wote wawili. Watu wa kwenye skrini walikuwa wanaona tatizo letu ni barabara, na mimi mtu wa barabara niliona aibu kwamba ni mimi ninayewaambia kuwa barabara ilikuwa sehemu ndogo.

Lakini Gahanga hakukuwa na muda wa falsafa, kulikuwa na kazi. Mche ukikaa muda mrefu kwenye kiriba, kile kimfuko cha plastiki, mzizi wake unatoboa plastiki chini na kuingia ardhini. Ukishaingia, umehamia. Kwa hiyo lazima kila kiriba kiinuliwe mara kwa mara, mizizi iliyochungulia ikatike, kirudishwe chini. Kwa miche michache ni mazoezi. Kwa malori mazima ni adhabu. Kila Jumamosi nilikwenda kwa shangazi nikainama asubuhi, nikainuka mchana, na kati ya hapo nilikuwa natukanwa.

"Huyo umemruka. Huyo pale. Inua vizuri, usimtese. Wakishika ardhi hapa, basi, wamekuwa wa hapa."

"Shangazi, ni miti."

"Ni wageni. Wanarudi kwao. Inua."

Alipendelea kuwaita wageni, na aliwatendea hivyo. Upepo ukivuma, walioonekana dhaifu waliingizwa sebuleni. Nilifika siku moja nikiwa na njaa na mgongo mbovu, nikakuta kiti changu kimekaliwa na mche. Nilipotaka kuuhamisha, shangazi akaniambia una homa, nikae kwenye mkeka. Nilikaa kwenye mkeka. Nilikula ugali nikiwa nautazama mche kwa chuki ya kweli, na nadhani na wenyewe haukunipenda.

Mbuzi wa jirani aliwahi kuingia akala majani ya mstari mzima. Shangazi alimwendea jirani na kumweleza kwamba mbuzi wake ameleta mgogoro wa kimataifa. Jirani, mtu wa amani, aliomba radhi kwa Kongo yote.

Kila wiki alizungumza na mama wa miti, simu ikiwa na sauti juu ili hata mimi niliyeinama kule mwisho wa shamba nisikie. Mama wa miti na wenzake walikuwa wameshakimbia mlima wao. Walikuwa kwenye kambi, kwenye mahema karibu na mji. Ungedhani wataongea habari za vita. Hapana.

"Batoto banaendelea muzuri, dada?"

"Wanaendelea, ila mmoja ana madoa kwenye majani."

"Madoa ya rangi gani?"

Hapo ningeweza kwenda dukani na kurudi, bado wako kwenye madoa. Mwisho tu, kabla ya kukata, shangazi aliuliza, "Na huko?" na mama wa miti alijibu, "Huku, tunangojea." Shangazi alikuwa anatikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa mtaa anaoujua.

Matatizo yangu makubwa yalianza alipokuja kutembea rafiki yake wa zamani wa Kimisagara. Walishona duka moja enzi hizo. Huyu mama, Mwislamu, mcheshi, mwenye kunukia udi kutoka mbali, alikuwa ameacha cherehani na sasa anapamba harusi: vitambaa, taa, maua ya plastiki, viti vya kifalme ambavyo bwana harusi akiegemea sana vinaanguka. Alisimama kwenye ua wa shangazi, akaizungushia macho ile miche yote.

"Dada, hii miti iko inakaa bure hapa?"

"Inasubiri."

"Isubiri kwa harusi basi. Watu siku hizi bamechoka maua ya plastiki. Banataka kitu ya kweli, kitu ya kijani. Nachukua Jumamosi, narudisha Jumapili."

Nilidhani shangazi atamfukuza. Lakini alifikiri, akaniambia pembeni kwamba wageni nao huchoka kukaa sehemu moja, na zaidi ya hapo, kila wakipakiwa kwenye gari mizizi inakatika yenyewe. Nikakubali haraka kuliko inavyotakiwa. Mgongo wangu ulikuwa umenipigia kura.

Basi miche ya mradi wa kurudisha misitu ikaanza kwenda harusini. Ilikwenda na kurudi, na mapambo ya karatasi yamenasa kwenye majani. Mmoja ulirudi na tai ya mtu. Ilihudhuria sherehe nyingi kuliko mimi, ikapigwa picha na maharusi wasiojulikana, na kila Jumapili shangazi aliipokea getini na kumuuliza dereva kama ilikaa vizuri. Ofisini niliandika kwamba miche "inashiriki shughuli za uhamasishaji wa jamii". Bosi alifurahi sana. Mtaalamu wa kwenye skrini aliomba picha.

Kisha ikaja ile gusaba.

Kwa asiyejua, gusaba ni sherehe ya kuomba mchumba. Koo mbili zinakaa chini ya mahema, uso kwa uso. Kila upande una msemaji, mzee mwenye ulimi, na wazee hawa wanapigana kwa adabu mchana kutwa. Upande wa binti unajifanya haujui wageni wamefuata nini. Upande wa kijana unajifanya umepita tu kusalimia. Baadaye inatajwa ng'ombe, anasifiwa, anapokelewa, watu wanapiga makofi, na kilichopokelewa kwa makofi yale hakirudi. Hiyo ndiyo sheria yenyewe, wala haijaandikwa popote.

Sherehe ilikuwa hapohapo Gahanga, nyumbani kwa binti, ng'ambo ya bonde ukitazama kutoka kwa shangazi. Mpambaji aliajiriwa na maharusi wenyewe, wazee hawakuhusika. Nyuma ya hema la upande wa kijana kulikuwa na ukuta wa matofali ambao haujamaliziwa, mbaya kweli, akaufunika kwa miche yetu. Alichukua karibu nusu ya yote. Ikapendeza. Mimi na shangazi tulialikwa kama majirani, yeye amevaa mshanana, vazi la sherehe la hariri, ameketi na akina mama, anaitazama miche yake kwa mbali kama mzazi siku ya mahafali.

Mambo yakaenda vizuri mpaka wakati wa zawadi. Ng'ombe akatajwa. Msemaji wa upande wa binti, baba yake mkubwa, mzee mrefu mwenye fimbo aliyewahi kuendesha malori ya Mombasa, akasimama kupokea. Akashukuru kwa ng'ombe. Akaitazama ile miche iliyopangwa nyuma ya wakwe zake.

Alisema amehudhuria gusaba nyingi maishani. Amewaona vijana wakileta ng'ombe na kuondoka. Hajawahi kuona kijana aliyeleta msitu. Alisema kilima chake kimebaki upara tangu alipokinunua, na Mungu ni shahidi kwamba hakumwambia mtu. Kijana huyu alijuaje? "Tumeipokea," akasema, na hema zima likapiga makofi.

Sasa, hapa msemaji wa upande wa kijana angeweza kuokoa hali kwa sentensi moja. Angesema, samahani mzee, hayo ni mapambo. Lakini msemaji wa gusaba hajaumbwa hivyo. Kazi yake ni kutokubali kamwe kwamba kuna kitu upande wake haujaleta. Nilimwona akigeuka, akiiona ile miche kwa mara ya kwanza maishani mwake, kisha akainamisha kichwa kwa unyenyekevu mkubwa.

"Ni midogo, mtusamehe," akasema. "Tulitaka kuleta zaidi."

Shangazi alitoa sauti ya mtu aliyemeza mfupa. Akina mama wakampa maji. Aliye karibu naye akamwambia kwa upole kwamba hata yeye hulia kwenye gusaba.

Na haikuishia hapo. Yule mshairi anayesifu ng'ombe, ambaye hulipwa kwa hilo, aliombwa aisifu na miti. Hakuwa na sifa za miti. Akaisifu kwa alizokuwa nazo. Alisifu pembe zake, mwendo wake ikishuka kisimani, maziwa yake yanayofurika vyombo. Watu walishangilia. Mpambaji alikuwa amejificha nyuma ya spika, udi wake tu ndio uliobaki.

Jioni gari langu lilipokwenda kuichukua, miche ilikuwa imeshapakiwa na wapwa wa binti na kupelekwa kilimani. Nilitaka kwenda kueleza ukweli palepale. Shangazi akanizuia. Zawadi iliyopokelewa kwa makofi haidaiwi wiki ileile, alisema, utawaaibisha vijana, na huenda ndoa yenyewe ikaingia mchanga. Kwa hiyo tulikaa kimya. Mama wa miti alipopiga na kuuliza batoto, shangazi alimwambia wanaendelea, ila wengine wako kwa jamaa. Sijawahi kumsikia akidanganya kabla ya siku hiyo, na alidanganya vibaya, akiwa amefumba macho.

Mvua za masika zikaja zikapita, ukaja ukame, na mwanzo wa mvua ndogo bosi akaniita ofisini akiwa anacheka peke yake. Habari zimetoka: barabara itafunguliwa. Nikodi malori. Ramani yake ya kijani itakuwa kweli.

Nilimpelekea shangazi habari nikidhani atafurahi. Alikaa chini. "Na wa kule kilimani?" akauliza. "Nitamwambia nini mama yao?"

Hapo ndipo nilipopewa cheo ambacho sikukiomba. Huwezi kwenda kwa watu na kusema tu rudisheni mahari. Lazima uombe. Na ukiomba, lazima uombe kwa utaratibu. Tukapeleka ujumbe: shangazi, mpambaji akiwa amejifunika ushungi mpaka puani kwa aibu, jerikeni ya pombe ya ndizi, kreti ya soda iliyotoka kwa mpambaji, na mimi msemaji. Mimi niliyekulia Tanzania, ambaye Kinyarwanda changu kinatosha kununulia nyanya.

Mzee wa fimbo alitupokea barazani. Nikaanza hotuba niliyoikariri. Nilipokwama mara ya tatu, akanihurumia akahamia Kiswahili.

"Sisi hapa tunaona wageni tu," akasema, macho yakimcheka. "Hatujui mumekuja kufanya nini. Labda mumepotea njia."

"Tulikuwa tunapita, mzee, tukasema tuwasalimie."

"Munasalimia na jerikeni?"

"Ni kiu ya njiani."

Shangazi akanifinya. Nilikuwa naendelea vizuri. Nikasema nyumba yake ina watoto wazuri, na sisi tuna neno na baadhi yao.

"Nina wengi. Yupi munataka?"

"Wale wa kijani, mzee."

Utani ukamtoka usoni. Ikabidi tuseme ukweli wote: ukuta wa matofali, mapambo, Kongo, akina mama kwenye mahema, shangazi na ahadi yake. Mpambaji alilia kidogo. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chake chini.

"Mumechelewa," akasema. "Bote bameshaolewa. Mukuje muone."

Alituongoza nyuma ya nyumba mpaka kwenye kile kilima. Niliona kwanza kijani, halafu nikaona kwamba kijani hicho kina urefu. Alikuwa ameipanda yote siku ya pili baada ya gusaba, akaimwagilia yeye na wanawe ukame wote, kwa kuwa ni mahari, na mahari haiachwi ife. Miche iliyooteshwa siku moja na ile niliyoendelea kuiinua kila Jumamosi sasa ilimfika shangazi kifuani. Ile aliyobaki nayo yeye, aliyoipa sebule yake na kiti changu, ilikuwa bado inaishia magotini, na majani yake yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Shangazi alishika shina moja, akalitikisa. Halikutikisika. Akatoa simu kwenye pindo la kitenge akampigia mama wa miti palepale, bila kujiandaa.

"Dada, nina neno la kukuambia. Nusu ya watoto wako wamepandwa huku. Wameshika ardhi. Hawarudi tena. Nisamehe."

Tukasikia upepo wa kule.

"Banafika wapi?" mama wa miti akauliza.

"Kifuani kwangu."

"Bote?"

"Wote."

Ikaja sauti ambayo tulidhani ni kilio. Alikuwa anawaita wenzake mahemani, anawaambia waje wasikie, miti yao imefika kifua. Tulisikia wanawake wengi wakicheka kwa pamoja, na mmoja akapiga kigelegele. Kisha akarudi kwenye simu.

"Na benye biko kwako?"

Shangazi aliliachia lile shina. "Magotini," akasema mwishowe. "Lakini wako tayari kuja. Nawainua kila Jumamosi. Wanasema barabara inafunguka."

"Dada, barabara iko inafunguka ku redio. Hata ikifunguka, mulima yangu iko na batu ya bunduki juu. Utabapanda batoto kwa miguu ya nani?" Akavuta pumzi. "Usibainue tena. Panda. Siku nitarudi kwetu, nitakuja kwako kuokota mbegu. Mbegu mutu anabeba mu kitambaa. Sasa kama bote banakufa mu plastiki, mimi nitaokota nini?"

Shangazi alisema ndiyo, dada. Alisema mara nyingi, hata baada ya simu kukatika.

Tulirudi kwa miguu kuvuka bonde, mpambaji ametutangulia na kreti yake ya soda ambayo mzee alikataa kuipokea. Shangazi hakunitukana njia nzima, nikaanza kuogopa. Katikati ya bonde akasimama kupumua, akaniambia kuhusu babu, baba yake, ambaye mimi sikumkuta. Walipovuka kwenda Tanzania waliambiwa ni wiki chache tu. Babu akalima maharage, mahindi, vitu vya miezi mitatu. Jirani mmoja Mtanzania alimletea mche wa parachichi, akaurudisha kwa heshima. Mti ni wa mtu anayekaa, alisema, sisi tunarudi. Aliwakataza watoto wote. Walikaa zaidi ya miaka thelathini kwenye jua kali, babu akazikwa kulekule, na kwenye ile kaya yao hapakuwa na kivuli hata cha kuweka jeneza.

"Nilimchukia kwa lile jua," shangazi akasema. "Halafu nimekuwa yeye."

Nilimpenda sana shangazi yangu wakati ule, na nilimshika mkono kuvuka mtaro.

Tulipofika nikaona kitu nilichokipita Jumamosi zote zile nikiwa nimeinama. Kwenye kipande chake, tangu getini mpaka mwisho wa shamba, kulikuwa na viazi, maharage, mahindi, na mboga. Mti wake mwenyewe hakuwa nao hata mmoja, na ameishi pale miaka yote hiyo nchini kwake.

Nikachukua jembe. Akaninyang'anya. Alisema wa kwanza ataupanda yeye, mimi nikae pembeni nisimharibie. Akachagua ule uliowahi kukalia kiti changu. Akachana kiriba kwa wembe wake wa kushonea, mizizi ikatoka imejizungusha kama uzi kwenye kibiringo, akaipangua kwa vidole, taratibu. Kisha akainama, akapiga jembe mara moja, akavuta udongo, akaupanga pembeni kwa kisigino, akasimama wima kunionyesha.

Lilikuwa shimo la maharage. Lilikuwa na kina cha kiganja tu, jembe moja, kisigino kimoja, kama alivyofundishwa akiwa mtoto, kama alivyochimba maisha yake yote. Mche ulikuwa mkononi mwake, mizizi yake mirefu ikining'inia.

"Si linatosha?" aliniuliza, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe aliniuliza kitu akitaka nimjibu.

"Bado kidogo, shangazi," nilimwambia. "Endelea kuchimba."